Ziwa likipanda Mwanza: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Maji hayajawahi kufika hapa." Kauli hii ilisikika sana kandokando ya Ziwa Victoria mwaka 2020, fukwe za starehe zilipomezwa na maji. Si kweli. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 na zilizofuata zilipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2, na mwaka 1964 kipimo cha kimo cha maji kilichopo Jinja, Uganda, kikasoma mita 13.41 (si kina cha ziwa, ni urefu juu ya alama ya sifuri ya kipimo hicho). Mei 2020 kilisoma 13.42. Mei 2024 rekodi hiyo nayo ikavunjwa. Katikati ya miaka hiyo ziwa lilishuka, tena mno kufikia 2006, na ardhi iliyoachwa wazi tukaiona ni ya kujenga. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Wengi tunaikumbuka maji yakishafika mlangoni.

Kisiwa cha Saanane, kilichopo ziwani karibu na mji wa Mwanza, kinayajua haya. Kilifunguliwa kuwa bustani ya wanyama mwaka uleule wa 1964, ziwa likiwa juu, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Wapo wanaohofu kwamba ziwa likizidi kupanda kitazama. Hapana: kisiwa ni vilima vya mawe, na pimbi na mijusi wako juu ya miamba. Maji hula sehemu za chini, palipo na matete na miti ya ukingoni. Ukingo wa namna hiyo, usio na ukuta wala baa, hupokea maji na kuyaachia bila mtu kupoteza nyumba. Natamani mji ungejifunza hapo.

Dhana inayoniudhi zaidi ni hii: "Uganda wamefunga mageti." Bwawa la Jinja, pale mto Nile unapotoka ziwani, lilizinduliwa 1954, nalo kwa makubaliano hutakiwa kuachia maji kadiri mto Nile ungetoa wenyewe. Kweli, kati ya 2004 na 2006 waliachia kupita kiasi hicho, na hilo lilichangia ziwa kushuka. Lakini kupanda ni suala la mvua. Ziwa lina kilomita za mraba karibu 68,800. Sentimita moja tu juu ya eneo hilo ni mita za ujazo milioni 688. Mwaka 2020 Jinja iliachia takriban mita za ujazo 2,400 kwa sekunde, na hata kwa kasi hiyo sentimita hiyo moja huchukua zaidi ya siku tatu kutoka, mvua ikiwa imekoma kabisa.

Wengine huilaumu mito: Kagera, Mara, Simiyu. Ina mchango wake, ila karibu asilimia 80 ya maji ya ziwa hudondoka moja kwa moja kama mvua juu ya ziwa lenyewe.

Mafuriko ya mto Mirongo pale Mabatini ni jambo jingine kabisa, ingawa watu huyachanganya. Maji hushuka kutoka kwenye vilima vya mawe visivyonyonya kitu, yanabeba tope, chupa na mifuko, yanakwama kwenye kalavati na kuingia vyumbani. Baada ya saa chache yamepita. Hapo hakuna haja ya kungoja ziwa lishuke. Kalavati zizibuliwe kabla ya vuli, na mkondo wa mto uachwe wazi.