Bangili ya bustani ya burudani: mwizi ataiba nini hasa?

Nikitaja kazi yangu ya kukagua usalama wa bangili za kielektroniki za bustani za burudani na hoteli, swali huwa ni lile lile. Mtu akinisogelea kwenye foleni akiwa na kifaa mfukoni, anaweza kunikomba pesa kupitia bangili hii? Jibu langu huwavunja moyo wanaotaka hadithi ya kutisha. Anaweza kusoma kitu, ndiyo. Lakini anachosoma ni namba tu, na ndani ya namba hiyo hamna pesa, hamna jina lako wala kadi yako ya benki.

Nitaanza na MagicBand ya Walt Disney World kule Florida, kwa kuwa ndiyo iliyowazoesha watu wengi mtindo huu tangu 2013. Bangili moja ya mpira hufungua mlango wa chumba, hukuingiza getini, na hulipia chakula kwa kukiandika kwenye bili ya chumba. Ukiipasua, na nimeshapasua mbili, utakuta redio mbili zinazofanya kazi tofauti. Ya kwanza ni chipu isiyo na betri, ya masafa ya megahezi 13.56, yale yale ya kadi za benki za kugusisha. Chipu hiyo huamshwa na nguvu inayotoka kwenye kisomaji, ndiyo maana lazima uisogeze hadi karibu kugusa. Ya pili ina betri ndogo na hurusha mawimbi ya gigahezi 2.4 yanayosikika kwa mita kadhaa bila wewe kuinua mkono. Watu wanaogopa ile ya kwanza. Mimi huwa naitazama zaidi ya pili, na nitairudia.

Umbali wenyewe si kinga kamili. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walitengeneza kifaa cha bei ndogo kilichosoma chipu za aina hii kwa umbali wa sentimita kama 25. Katika foleni iliyobanana hizo zinatosha. Kwa hiyo mbunifu mzuri wa mfumo huanza kwa kukubali kwamba namba itasomwa na watu wasiohusika, kisha hujiuliza: akishaipata, ataifanyia nini?

Hapo ndipo mifumo hutengana. Niliwahi kuitwa kukagua bangili za hoteli moja yenye mabwawa ya kuogelea, ambayo sitaitaja. Makabati ya kuhifadhia mizigo yalifunguka kwa kusoma namba ya kiwandani ya chipu, basi. Aliyewauzia mfumo aliwahakikishia kwamba namba hiyo haibadiliki. Ni kweli haibadiliki kwenye chipu halali, ila kuna kadi tupu zinazouzwa waziwazi ambazo namba yake huandikwa upya utakavyo. Nilisoma bangili yangu kwa simu, nikahamishia namba kwenye kadi ya namna hiyo, na kabati langu likafunguka kabla meneja hajamaliza kahawa yake. Kibaya zaidi, bangili zilikuwa zimenunuliwa kwa mkupuo mmoja na namba zake zilikaribiana. Ukijua ya kwako, unaanza kubahatisha ya jirani. Namba ya kiwandani ni kama jina la mtu: linakuambia anayejitambulisha anasema yeye ni nani, halithibitishi kwamba ni yeye kweli.

Uthibitisho hupatikana kwa njia nyingine, na anayejua mchezo wa vitendawili ataielewa upesi. Kisomaji hutega: hutuma namba ya kubahatisha ambayo haijawahi kutumika. Chipu huitegua kwa kutumia ufunguo wa siri uliofichwa ndani yake, na kurudisha jibu. Ufunguo wenyewe haupiti hewani hata mara moja. Aliyejificha kandoni na kunasa jibu la leo hana faida nalo, kwani kesho kitendawili kitakuwa kingine. Hiyo ndiyo tofauti kati ya bangili inayoweza kurudufiwa kwa dakika moja na ile inayomlazimisha mwizi avunje usimbaji fiche, yaani hesabu inayoficha ujumbe.

Na usimbaji huo nao huvunjika ukiwa dhaifu. MIFARE Classic ni chipu iliyoenea duniani kwenye kadi za usafiri na za kufungulia milango, na ilitumia fomula ya siri ya kampuni yenye ufunguo wa biti 48. Mwishoni mwa 2007 watafiti walionyesha hadharani jinsi fomula ilivyojengwa, baada ya kuikwangua chipu tabaka kwa tabaka na kuipiga picha kwa hadubini. Mwaka uliofuata wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha namna ya kuurudisha ufunguo haraka kwa kompyuta ya kawaida. Mtengenezaji, NXP, alikwenda mahakamani kuzuia matokeo yasichapishwe, akashindwa Julai 2008. Ungetarajia chipu hiyo iwe imestaafu zamani. Haikustaafu. Machi 2024 kundi jingine la watafiti lilitangaza udhaifu katika makufuli ya Saflok ya hotelini, ambayo kadi zake nyingi zina chipu hiyo hiyo: zaidi ya milango milioni 3 katika nchi 131. Walihitaji kadi moja tu ya hoteli husika, hata iliyokwisha muda, kisha wakaandika kadi mbili za bandia. Ya kwanza ilibadilisha data ndani ya kufuli, ya pili ikafungua mlango. Miaka 16 baada ya kesi ile! Hoteli hubadilisha mazulia mara nyingi kuliko inavyobadilisha makufuli.

Kwa hiyo ukiniuliza kama bangili fulani ni salama, nitakuuliza kwanza nyuma yake kuna nini. Katika mfumo wa Disney, bangili inabeba kitambulisho tu, na mengine yote yako kwenye seva. Kulipa kunahitaji pia namba ya siri ya tarakimu nne. Getini unaweka kidole kwenye kisomaji. Ikipotea, unaizima kwenye programu ya simu na papo hapo inageuka kipande cha mpira. Hata ungeirudufu, ungekwama kwenye malipo, ungekwama getini, na chumba changu usingekijua ni kipi. Ulinzi wa namna hii hautegemei bangili yenyewe kuwa janja.

Bado kuna hila moja ambayo hata kitendawili hakiizuii: kupokezana. Mwizi mmoja anasimama karibu na bangili yako, mwenzake yuko mlangoni mwako, na vifaa vyao vinasafirisha mazungumzo kati ya kufuli na chipu. Hakuna kinachovunjwa, chipu inatoa jibu sahihi kwa kufuli sahihi, ila kutoka mbali. Dawa yake ni kupima muda wa jibu kwa ukali sana, jambo ambalo si kila kisomaji hufanya. Sijawahi kukutana na hila hii ikitumika kwenye bustani ya burudani, na sababu ni ya kibiashara: inahitaji watu wawili, vifaa na mpangilio, wakati kuna njia ya mkato.

Njia hiyo ya mkato ni akaunti yako. Ukitumia nenosiri lile lile ulilolitumia kwenye tovuti iliyokwishadukuliwa, mwizi haji kwenye foleni kabisa. Anaingia akiwa kwake, anaona tarehe za safari, majina ya familia na hoteli, na mara nyingi anaweza kubadilisha mipangilio ya malipo. Tarakimu nne zina michanganyiko 10,000, lakini mwaka wa kuzaliwa wa mtoto wako wa kwanza si mmoja kati ya elfu kumi. Ni mmoja kati ya labda ishirini, na mtoto mwenyewe amevaa beji ya sherehe ya kuzaliwa.

Sasa ile redio ya pili. Hii haikuwekwa kwa ajili ya kufungulia milango. Iliwekwa ili mfumo ujue uko wapi bila kukusumbua: picha uliyopigwa ukiwa kwenye treni ya mteremko ijiunge na akaunti yako yenyewe, mhudumu alete chakula kwenye meza sahihi, na jina lako litokee kwenye skrini mwishoni mwa safari ya mashua. Inapendeza. Watoto hupiga kelele wakiona majina yao. Lakini redio inayotangaza kitambulisho kile kile siku nzima ni shahidi asiyelala. Inajua mlikaa wapi, kwa muda gani, na nani alikuwa karibu na nani.

Hofu hiyo haikuanzia kwangu. Januari 2013, kabla mfumo haujaanza, Ed Markey, wakati huo mbunge wa Massachusetts, alimwandikia barua Bob Iger, mkurugenzi mkuu wa Disney wakati huo, akihoji taarifa za watoto zitakusanywaje. Iger alijibu ndani ya siku chache, kwa ukali, akisema hofu hizo hazina msingi. Nadhani wote wawili walikuwa na haki kidogo. Hakuna aliyekuwa anapanga kumwinda mtoto. Lakini swali la nani anahifadhi njia alizopita mtoto huyo, na kwa muda gani, lilistahili jibu lisilo na hasira. Na usidhani kuivua bangili kunamaliza jambo, maana toleo la 2022, MagicBand+, linatumia Bluetooth, na simu mfukoni mwako inafanya mengi ya hayo hayo tayari. Asiyetaka kufuatwa alikuwa na chaguo ambalo wachache walilitumia: kadi ya kawaida badala ya bangili, kwani kadi ina chipu ya kugusisha bila ile redio ya mbali.

Jambo la mwisho, kwa wale wenye droo iliyojaa bangili za safari zilizopita. Betri ya redio ya mbali hufa baada ya miaka miwili au mitatu, na watu hudhani bangili nzima imekufa nayo, wakampa mtoto wa jirani au wakaiuza mtandaoni. Chipu ya kugusisha haikuhitaji betri hata siku moja. Ukiiweka kwenye kisomaji leo itatoa kitambulisho kile kile, na kama hukuifuta kwenye akaunti, kitambulisho hicho bado kinaelekea kwako. Mimi huzifuta kwenye programu kwanza, kisha ndipo nachukua kisu.