Je, wajua? Uzi mmoja wa faiba unalisha nyumba 32, na njiani hakuna umeme hata kidogo

Watu wengi wenye faiba nyumbani wanadhani wana waya wao peke yao kutoka kwa mtoa huduma mpaka sebuleni. Mara nyingi sio hivyo. Kwenye mfumo wa GPON, ambao umeenea sana, uzi mmoja wa kioo unatoka kituoni, ukifika mtaani unagawanywa kwa nyumba 32 au 64, na humo humo mnapita wote. Sasa mbona data zenu hazichanganyikani?

Kituoni kuna mashine inaitwa OLT, nyumbani kwako kuna kile kiboksi cha ukutani, ONT, na katikati kuna spilita. Hii spilita ndo inanishangaza kila siku. Ni kakipande ka kioo kenye njia zinazogawanyika mbili mbili, mara nyingi kamefungwa ndani ya kibomba cha chuma kirefu kama kidole hivi, hakana waya wa umeme, hakana betri, hakajui nani ni nani. Kazi yake ni kugawa mwanga tu. Na kugawa kuna gharama, kila mwanga ukigawanywa njia mbili kila upande unabaki na nusu, yaani unapoteza desibeli 3, na kufika 32 lazima ugawe mara tano, kwa hiyo desibeli 15 zimeshaondoka hata kabla hujahesabu maungio na urefu wa kebo. Ndo maana ukimwona fundi anafuta ncha ya faiba mara mbili mbili usimwone anapoteza muda, njia ya mwanga pale ndani ina upana wa maikromita 9 hivi, mara kadhaa chini ya unywele, chembe moja ya vumbi inatosha kuiziba.

Data za kuja kwako ni rahisi kuelewa. OLT inatuma kila kitu kwa kila mtu, spilita haichagui, kwa hiyo mwanga wenye data za jirani unafika hadi kwenye kiboksi chako, ila kiboksi kinachukua zenye namba yake tu zingine kinaziacha, na GPON ina usimbaji wa AES ili hata mtu akijaribu kuchungulia asisome kitu.

Shughuli iko kwenye kurudi, maana nyumba zote 32 zinatuma kwenye uzi ule ule na zikiwasha leza kwa pamoja OLT haielewi chochote. Basi OLT inapanga zamu. Kila kiboksi kinaambiwa washa hapa, zima hapa, kwa vipande vidogo vya muda ndani ya fremu (kipindi kimoja) ya maikrosekunde 125, yaani fremu 8,000 kwa sekunde moja. Lakini kuna anayekaa kilomita 1 na mwingine kilomita 10, na mwanga ndani ya kioo unatumia kama maikrosekunde 5 kwa kila kilomita, kwa hiyo hata wakifuata zamu sawasawa ujumbe utafika umepishana na kugongana. OLT inapima kwanza umbali wa kila mmoja, afu anayekaa karibu anaambiwa asubiri kidogo kabla ya kujibu, mpaka wote wanaonekana kama wako umbali mmoja!

Kwenda na kurudi pia hakugombani kwa sababu rangi za mwanga ni tofauti, nanomita 1490 kuja na 1310 kurudi, zote hazionekani kwa macho, kwa hiyo usichungulie ncha ya faiba hata kama unaona giza.

Zamu zikivunjwa wote mnaumia. Kiboksi kimoja kikiharibika leza ikabaki imewaka muda wote, kinaweza kuwaangusha wote mnaotumia uzi huo, na fundi analazimika kutafuta ni nyumba ipi.

Na ile taa nyekundu ya LOS kwenye kiboksi chako maana yake mwanga haufiki kwako, pengine waya umekatika au umekunjwa sana. Umeme ukikatika ni habari nyingine, ONT nyingi zina kachaji kidogo kamebaki ndani, kanatosha kutuma ujumbe mmoja wa mwisho kwa OLT kusema umeme umeondoka, afu kinazima, na kule kituoni wanajua hakuna haja ya kumtuma fundi kutafuta waya uliokatika.