ATV ya kazi: maana yake, na namna ya kuchagua inayofaa njia za porini

Herufi ATV zimetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya chombo cha kwendea ardhi ya kila aina, jina ambalo, tukisema kweli, linaahidi mengi kuliko chombo chenyewe kinavyoweza. Kiufundi, ATV ni chombo cha injini kisichokusudiwa barabara za kawaida, chenye magurudumu manne ya tairi pana za upepo mdogo, kiti ambacho dereva hukipanda mguu huku na mguu huku kama juu ya farasi, na usukani wa mikono miwili kama wa pikipiki. Kiwango kinachofuatwa na viwanda nchini Marekani kinataka upepo wa tairi hizo usizidi psi 10 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), na nyingi huendeshwa zikiwa na psi 4 hadi 7 tu. Chombo chenye viti vya kukaa bega kwa bega, usukani wa duara na mikanda ya usalama ni kitu kingine, hata kama wauzaji hukipanga safu moja na ATV.

Mwanzoni magurudumu yalikuwa matatu. Honda ilitoa US90 yake mwaka 1970, ikafuatiwa na nyingine nyingi za namna hiyo, hadi mwaka 1988 mauzo ya ATV mpya za magurudumu matatu yalipokomeshwa Marekani kwa sababu ya kupinduka na kuua watu. Suzuki ilikuwa imekwisha kuleta ya magurudumu manne mwaka 1982, na mwaka 1986 Honda ikaongeza jambo lililozaa aina tunayoizungumzia hapa, yaani nguvu ya injini kupelekwa kwenye magurudumu yote manne.

ATV ya kazi, basi, ni ile iliyoundwa kubeba na kuvuta. Ina keria mbele na nyuma, mahali pa kufunga tela, gia nzito kwa ajili ya mwendo wa polepole, na kwa kawaida shafti ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu badala ya mnyororo. ATV ya michezo haina mambo hayo; ni nyepesi, ni pana, na hupenda mbio. Huenda mtu akajiuliza kwa nini msafiri wa kujifurahisha achague chombo cha kubebea nyasi na kuvutia magogo. Jibu ni kwamba njia za porini hazidai mbio. Zinadai injini inayovuta kwa mzunguko mdogo, nafasi ya kubeba maji, zana na mafuta ya akiba, na uwezo wa kujinasua kwenye tope.

Anayenunua kwa mara ya kwanza huuliza kwanza ukubwa wa injini. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali la kuuliza mwisho. Injini ya cc 400 hadi 570 inamtosha karibu kila mtu kwenye njia nyembamba, ambako mwendo wa kilomita 20 kwa saa tayari ni mkubwa. Cc 700 au 850 huleta uzito wa ziada ambao utauhisi siku chombo kitakapolala ubavu. Kinachotenganisha ATV mbili kwa hakika kiko chini ya kiti, nyuma, nacho ni namna magurudumu ya nyuma yalivyofungwa.

Ziko namna mbili. Katika ya kwanza, magurudumu ya nyuma yamekazwa kwenye ekseli moja ngumu inayopanda na kushuka yote kwa pamoja. Katika ya pili, kila gurudumu lina mikono yake na springi yake, na difu, yaani kasha la gia linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, imefungwa kwenye fremu. Tuchukue jiwe la sentimita 20 lililokaa katikati ya njia. Tairi ya inchi 25 ina kimo cha takriban sentimita 63, hivyo kitovu chake kiko kama sentimita 32 kutoka ardhini. Kwenye ekseli ngumu, kasha la difu liko kwenye kimo hicho hicho, na ukiondoa unene wa nusu ya chini ya kasha lenyewe, nafasi inayobaki ni sentimita 16 hadi 18. Jiwe litagonga. Springi za bei kubwa hazisaidii kitu hapa, maana ekseli hubebwa na tairi, haibebwi na springi. Katika namna ya pili difu imeinuliwa pamoja na fremu, nafasi hufika sentimita 25 au zaidi, na jiwe lile lile linapita chini bila kuguswa. Zaidi ya hayo, gurudumu moja likipanda mzizi, la pili halilazimiki kuinama nalo, kwa hiyo kiuno cha dereva hakirushwi kushoto na kulia kutwa nzima.

Hata hivyo ekseli ngumu si ya kudharauliwa. Ina viungio vichache vya kuchakaa, hubeba mzigo wa nyuma bila kubonyea upande mmoja, na kwenye mteremko wa ubavuni haiyumbi sana kama ile ya pili. Ndiyo sababu wafugaji na wakulima wengi hawataki kuiacha. Ikiwa safari zako ni za njia za udongo zilizolainika kwa kupitwa mara nyingi, itakutosha na itakugharimu kidogo. Ikiwa ni mawe, mizizi na makorongo, mimi nisingeichukua.

Baada ya ekseli huja gia. ATV nyingi za kazi hutumia mkanda wa mpira unaozunguka kati ya puli mbili zinazobadilika upana, na dereva hana la kufanya ila kukanyaga breki na kubonyeza mafuta kwa kidole gumba. Ni raha, lakini mkanda una tabia mbili za kuzijua. Maji yakiingia kwenye kasha lake, huteleza na chombo hukosa nguvu hadi ukauke. Tena, katika mashine za zamani au za bei nafuu zisizo na breki ya injini (uwezo wa injini kuzuia mwendo mafuta yakiachiwa), ukiachia mafuta kabisa kwenye mteremko puli huachia mkanda, na chombo kinaanza kushuka bure kwa uzito wake, wakati ule ule ulipotaka kiende polepole. Uliza jambo hili kabla ya kununua. Honda kwa muda mrefu imeshikilia gia za meno, za kubadilisha kwa mguu au kwa kitufe, ambazo hushikilia mteremko vizuri ila zinadai dereva awe macho zaidi.

Upana nao una amri yake. Njia nyingi katika misitu ya umma ya Marekani huruhusu vyombo visivyozidi inchi 50, yaani sentimita 127, na ATV nyingi za kazi zina takriban sentimita 120, hivyo hupita. Ila ukiongeza tairi pana au vipanuzi vya magurudumu, unaweza kuvuka mpaka bila kujua. Usukani unaosaidiwa na umeme, ambao Yamaha ilikuwa ya kwanza kuuweka kwenye ATV kwa Grizzly 700 ya mwaka 2007, nauona una thamani kuliko cc mia mbili za nyongeza, kwa kuwa huzuia mikono kupigwa na kila jiwe.

Kuhusu abiria sina maneno mengi. ATV ya kiti kimoja ni ya mtu mmoja, hata kama kiti kinaonekana kirefu. Urefu huo umewekwa ili dereva ausogeze mwili wake mbele anapopanda na nyuma anaposhuka. Anayetaka kubeba mtu atafute ile iliyoundwa kwa watu wawili, yenye umbali mkubwa zaidi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Kabla ya kulipa, kaa juu ya chombo kikiwa kimezimwa na ukate usukani wote kushoto. Mkono wa kulia ukinyooka hadi kiwiko kikakaza na kidole gumba kikashindwa kuuachia mkono wa mafuta kwa ulaini, chombo hicho ni kikubwa mno kwako.