Gharama za Kuendesha Mfuko wa Kustaafu wa Kujisimamia Nchini Australia

Nchini Australia mwajiri anatakiwa kisheria kumchangia mfanyakazi akiba ya uzeeni, na tangu tarehe 1 Julai 2025 kiwango chake ni asilimia 12 ya mshahara. Wafanyakazi wengi huziacha fedha hizo katika mifuko mikubwa yenye wataalamu wake. Wengine, ambao idadi yao imepita milioni moja, huanzisha mfuko wao wenyewe na kuusimamia. Mfuko wa namna hii hauruhusiwi kuwa na wanachama zaidi ya sita (hadi katikati ya mwaka 2021 kikomo kilikuwa wanne), na kwa kawaida kila mwanachama ni mdhamini pia, yaani ndiye anayewajibika mbele ya sheria kwa kila uamuzi.

Gharama za kuendesha mfuko huo ni kila kinachotumika ili ubaki halali na uendelee kuwekeza, pamoja na kile kisichoonekana kwenye taarifa ya benki. Kinachowachanganya wengi ni kwamba sehemu kubwa ya gharama hizi haifuati ukubwa wa akiba. Mkaguzi hapunguzi sana ada yake kwa sababu mfuko ni mdogo, na tozo ya serikali ni ileile kwa mwenye dola 100,000 na mwenye dola milioni mbili. Tuseme uendeshaji unagharimu dola 4,000 kwa mwaka. Kwa mfuko wenye dola 200,000 hiyo ni asilimia 2, ilhali kwa mfuko wenye dola 800,000 ni nusu asilimia tu. Mfuko mkubwa wa umma unaotoza asilimia moja ungemkata yule wa kwanza dola 2,000 na yule wa pili dola 8,000. Kwa hiyo swali la kwamba kujisimamia ni ghali au ni nafuu halina jibu kabla ya kujua kuna kiasi gani mfukoni.

Zipo gharama za kila mwaka ambazo hazikwepeki. Mamlaka ya Kodi ya Australia, ambayo ndiyo msimamizi wa mifuko hii, hutoza dola 259 kwa mwaka, na mfuko mpya hulipa tozo ya miaka miwili kwa mkupuo, yaani dola 518, jambo linalowashtua wengi wanapopokea hesabu ya kwanza. Kisha kuna utayarishaji wa hesabu na ritani ya kodi, kazi ambayo karibu kila mtu humpa mhasibu. Mali zote hazina budi kuthaminiwa kwa bei ya soko kila tarehe 30 Juni. Kwa hisa zilizoorodheshwa sokoni hilo ni jambo la dakika chache, lakini kwa jengo au mchoro wa sanaa huenda likahitaji mthamini wa kulipwa.

Ukaguzi wa hesabu unastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Ni lazima kila mwaka, hata kama mfuko haukununua wala kuuza chochote, na mkaguzi anapaswa kuteuliwa siku 45 au zaidi kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani. Mkaguzi huyo lazima awe amesajiliwa kwa kazi hiyo, tena awe huru, hivyo aliyeandaa vitabu hawezi kuvikagua mwenyewe. Hatazami tarakimu peke yake, bali huangalia pia kama sheria imefuatwa, na akikuta ukiukaji wa kiwango fulani hana budi kuuripoti kwa Mamlaka ya Kodi. Nyaraka zikiwa zimetawanyika, saa zake za kazi huongezeka na ankara nayo hupanda. Mdhamini anayetunza stakabadhi zake vizuri mwaka mzima anapunguza gharama hii kuliko anayezunguka kutafuta mkaguzi wa bei ya chini.

Wakati wa kuanzisha mfuko kuna hati ya udhamini ya kuandikwa na mwanasheria, na kuna uamuzi kama wadhamini watakuwa watu binafsi au kampuni. Kampuni huonekana ghali kwa sababu husajiliwa kwa ada na kulipiwa ada ndogo kila mwaka. Lakini hesabu hubadilika kosa linapotokea. Faini moja huweza kufika vizio 60 vya adhabu (kizio ni kipimo ambacho sheria hutumia kupanga faini), kwa mfano wadhamini wanapomkopesha mwanachama fedha za mfuko, na tangu Novemba 2024 kizio kimoja ni dola 330, hivyo faini ni dola 19,800. Kampuni hutozwa mara moja na wakurugenzi wake huilipa kwa pamoja. Mume na mke walio wadhamini binafsi hutozwa kila mmoja, jumla dola 39,600. Na faini hairuhusiwi kulipwa kwa fedha za mfuko.

Wapo wanaodhani watabana matumizi kwa kuomba hisani. Sheria inamruhusu mdhamini kufanya kazi zake za udhamini bila malipo, na kwa kawaida hairuhusu alipwe. Lakini mdhamini ambaye ni mhasibu, akiitumia ofisi na wafanyakazi wake kuandaa hesabu za mfuko bila kuutoza, amevuka mpaka. Huduma iliyostahili dola 3,000 ikitolewa bure, hadi mara mbili ya kiasi hicho, yaani dola 6,000 za mapato ya mfuko, huweza kukatwa kodi ya asilimia 45 badala ya 15 ya kawaida. Kodi kwenye fungu hilo ni dola 2,700. Sijui hisani nyingine iliyo ghali namna hiyo.

Gharama za uwekezaji ni mlango mwingine: kamisheni ya dalali, ada za mifuko ya pamoja, na kwa majengo, ushuru wa uhamisho, matengenezo na riba ikiwa mfuko umekopa. Bima nayo husahaulika. Katika mifuko mikubwa bima ya maisha na ya ulemavu hununuliwa kwa kundi, mara nyingi bila uchunguzi wa afya. Anayehama bila kuacha salio huko huipoteza, na akiitafuta peke yake umri na maradhi yake vitaingia katika bei. Na mfuko wa kujisimamia ukiibiwa kwa ulaghai, hauingii katika mpango wa serikali wa kuifidia mifuko mikubwa.

Mwaka 2019 Tume ya Dhamana na Uwekezaji ya Australia ilitoa tahadhari kwamba mfuko wa kujisimamia hugharimu kwa wastani dola 13,900 kwa mwaka na kumchukulia mwenyewe zaidi ya saa 100. Wataalamu wa sekta hiyo walilalamika, na walikuwa na hoja, kwa kuwa wastani huvutwa juu na mifuko michache mikubwa yenye mambo mengi. Mwenye hisa chache na akaunti moja ya benki hulipa pungufu sana. Kuhusu saa 100, hata hivyo, ubishi haukuwa mkali hivyo, na muda ni gharama ambayo hakuna mhasibu anayeiandika.

Inafaa pia kukumbuka kwamba dola inayolipwa leo ingekua. Dola 4,000 za kila mwaka, kama zingebaki mfukoni zikizaa asilimia 6, baada ya miaka 20 zingefika karibu dola 147,000. Gharama nyingi za uendeshaji huondolewa katika mapato yanayotozwa kodi, lakini zile za kuanzisha mfuko kwa kawaida haziondolewi, na mfuko unaolipa pensheni tu bila kutozwa kodi haupati nafuu hiyo.

Kuufunga mfuko nako kuna ankara yake: mali kuuzwa au kuhamishwa, ukaguzi wa mwisho, ritani ya mwisho na kampuni kufutwa kwenye daftari. Jengo lisilopata mnunuzi laweza kuuchelewesha ufungaji kwa miaka, na katika kila mwaka wa kungoja mkaguzi hulipwa, na zile dola 259 hulipwa vilevile.