Kunguru husubiri mzazi aondoke

Kila ninapomwonyesha mtu mti wanamotaga yangeyange, wale ndege weupe (Waganda humwita nnyange), huku ukingoni mwa Ziwa Victoria, swali ni lilelile: nani anakula mayai? Wengi wana jibu lao tayari, kenge.

Kenge yumo, tena ni mwizi msafi. Hupanda, humeza yai zima, hushuka. Unakuta kiota hakijasogea hata kijiti, kitupu tu. Nyoka naye ni hivyohivyo, kwa hiyo kwa kutazama kiota peke yake siwezi kuapa ni nani kati yao. Kunguru huacha ganda lenye tundu chini ya mti. Furukombe na kaloli (yule korongo mkubwa mla mizoga) huja baadaye, makinda wakishanenepa.

Ila kunguru hamsogelei ovyo mzazi aliyelalia mayai. Lile domo linachoma. Husubiri aondoke, na mara nyingi anayemwondoa ni binadamu: mkata kuni, mpiga picha, na mimi pia. Msimu wangu wa kwanza nilikaa chini ya mti nusu saa, nikichungulia viota kwa kioo nilichofunga kwenye fito. Ndege wakaruka wote. Niliporudi kuchukua daftari nililosahau, palikuwa na maganda matatu, ute haujakauka. Siku hizi nahesabu kwa darubini nikiwa mtumbwini. Viota vingine vinanipita, basi.

Hesabu nayo ina mtego. Ukigawa viota vilivyofaulu kwa viota ulivyoviona, jibu linakuwa tamu mno, maana vilivyoliwa mapema hukuwahi kuviona. Mwaka 1961 Harold Mayfield, mtafiti wa ndege wa Marekani, alipendekeza tuhesabu siku ambazo kila kiota kimekuwa machoni petu, ndipo tupate uwezekano wa kiota kuvuka siku moja salama. Yangeyange huatamia siku 24 hivi, na makinda huchukua kama 30 kuweza kuruka. Uwezekano wa kila siku ukiwa asilimia 99, kwa siku hizo 54 viota vinavyofika mwisho ni zaidi kidogo ya nusu. Ukishuka hadi 98, inabaki theluthi moja. Kuipoteza asilimia moja hiyo, watu wakipita chini ya mti kila asubuhi, si kazi ngumu.

Halafu si kila kinda anayetoweka ameliwa. Mayai huanguliwa kwa kupishana siku, na kitindamimba, chakula kikipungua, hufa njaa palepale kiotani kaka zake wakimkanyaga. Huyo simwandiki kwenye safu ya kenge.