Kubana Matumizi ya Serikali: Kutoegemea Upande Si Kugawa Lawama Nusu kwa Nusu

Katika mafunzo ninayoyatoa kwa madiwani, watendaji wa kata na viongozi wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima) hapa Mtwara na kwa majirani zetu wa Lindi, somo la kusoma bajeti na ripoti za ukaguzi huenda vizuri mpaka tunapofika kwenye hatua za kubana matumizi. Hapo watu huacha tarakimu na kuanza kuulizana ni nani aliyetangaza hatua hiyo. Ninapowataka waweke chama pembeni, hunijibu kwa imani ambayo nimechoka kuisikia, nayo ndiyo ninayoanza nayo.

Dhana: Asiyeegemea upande huipa Serikali nusu ya sifa na wakosoaji wake nusu ya hoja

Dai la kubana matumizi ni dai la hesabu kabla halijawa dai la siasa. Linasema kwamba palikuwa na gharama fulani, kwamba gharama hiyo imeondolewa, na kwamba wananchi hawakupoteza huduma yenye thamani kuliko kilichookolewa. Kila sehemu ya dai hilo ama ina ushahidi ama haina.

Mwezi Februari 2025, chombo cha kubana matumizi kilichoanzishwa na Rais Donald Trump wa Marekani, ambacho Elon Musk alikuwa sura yake kuu, kiliorodhesha mkataba mmoja uliovunjwa kuwa wa dola bilioni 8. Nyaraka za mkataba wenyewe zilionyesha dola milioni 8, ambazo sehemu yake ilikuwa imekwisha kutumika, na tarakimu ikasahihishwa. Mwenye kanuni ya nusu kwa nusu angesema nini hapo? Katikati ya bilioni 8 na milioni 8 ni bilioni 4 na ushei, tarakimu isiyo na hati yoyote nyuma yake. Anayesema kwamba dai lile lilikuwa na makosa hajaingia chama chochote. Wala kosa hilo halithibitishi kwamba kila mkataba uliovunjwa ulikuwa wa lazima; kila mmoja unadai uchunguzi wake.

Tuje kwetu, kwenye korosho. Sheria ya Fedha ya mwaka 2018 iliondoa mgawo wa asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, mgawo uliokuwa ukirudi kuendeleza zao hilo, na fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini wa CCM na wa CUF waliipinga hatua hiyo kwa pamoja, jambo linaloonyesha kwamba hoja inaweza kuwa na uzito bila kuwa mali ya chama. Anayesoma vitabu vya Hazina peke yake ataona nafuu. Lakini mkulima wa Tandahimba au Nachingwea, aliyekuwa akinufaika na pembejeo zilizogharimiwa na mgawo huo, alilazimika kuingia mfukoni zaidi kupata salfa, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mikorosho uitwao ubwiriunga. Gharama ambayo imehamia kwa mwananchi haijabanwa.

Hata hivyo, hapo pia pana mtego. Uzalishaji ulishuka kutoka zaidi ya tani 300,000 msimu wa 2017/18 hadi takribani tani 225,000 msimu wa 2018/19. Mkosoaji huitaja tarakimu hiyo kama hukumu iliyokamilika, naye mtetezi hujibu kwa kutaja hali ya hewa. Wote wawili wameruka kazi. Mwenye nia ya kujua hulinganisha mashamba yaliyopuliziwa salfa na yasiyopuliziwa ndani ya kata moja, yaliyopata mvua ile ile, kwa kutumia daftari za AMCOS. Nasisitiza jambo moja kila mara: andikeni maswali yenu kabla ya kusoma jina la aliyetangaza hatua. Gharama halisi ya mwaka uliopita ilikuwa kiasi gani? Huduma ipi imepungua? Nani anailipia sasa? Fedha imekwenda wapi? Maswali hayo yakibadilika utawala unapobadilika, tatizo ni la muulizaji.

Dhana: Anayehoji ni mpinzani, anayesifu ni chawa

Rais John Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015, kiasi kilichotajwa kilikuwa shilingi bilioni 4 na matumizi mapya yalikuwa upanuzi wa barabara ya Morocco hadi Mwenge. Kiasi na mahali kilipokwenda vilielezwa hadharani, na kusifu uwazi huo ni haki. Kipimo hicho hicho kikitumika kwa watumishi waliobainika mwaka 2017 kuwa na vyeti vya kughushi, kuwaondoa kulikuwa sahihi, lakini mshahara wa nafasi ya muuguzi hauhesabiwi kuwa umeokolewa ikiwa zahanati bado inamhitaji muuguzi.

Dhana: Fedha isiyotumika ni fedha iliyookolewa

Sivyo. Halmashauri isiyolipa fedha za uhamisho na za likizo za walimu imelimbikiza madeni ya watumishi, nayo yatalipwa katika mwaka mwingine wa fedha. Vilevile, kulinganisha matumizi na bajeti iliyokadiriwa kupita kiasi hutoa nafuu ya karatasi tu.

Dhana: Hati safi inathibitisha kwamba hakuna ubadhirifu

Hati inayoridhisha, ambayo wengi huiita hati safi, ni maoni ya mkaguzi yanayosema kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa ipasavyo na zinaonyesha hali halisi katika mambo yote ya msingi. Halmashauri inaweza kuipata huku ikiwa imejenga jengo lisilotumika, mradi tu gharama yake imeandikwa sawasawa. Anayetaka kujua kama fedha zilileta tija asome ripoti za ukaguzi wa ufanisi, ambazo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) huzitoa kando na zile za hesabu, kisha azipeleke kwenye kikao cha baraza zikiwa na kurasa zilizowekwa alama.