Maana ya alaimenti, na kwa nini shokapu ya mbele inaihusu

Wiki iliyopita nilikuwa Buzuruga, hapa Mwanza, nikisubiri gari lioshwe. Hatua chache kutoka niliposimama, dada mmoja alikuwa anamalizana na fundi aliyembadilishia shokapu mbili za mbele za Toyota IST. Kabla ya kuwasha gari akauliza swali zuri kabisa: "Fundi, sasa niende nikapime alaimenti?" Fundi akajibu bila kusita: "Hapana dada, shokapu haigusi alaimenti. Hiyo ni mambo ya matairi. Ukitaka, kapige balansi tu." Dada akashukuru, akashika njia ya Igoma, na mimi nikabaki na maneno mdomoni.

Jibu hilo nimelisikia Nyakato, nimelisikia Mkolani, nimelisikia hata kwa watu wenye magari mazuri kuliko langu. Linasemwa kwa moyo safi, na kuna gari ambalo jibu hilo ni la kweli. Lakini gari hilo si IST.

Alaimenti ni kazi ya kupima na kurekebisha pembe ambazo matairi yamekaa nazo: yanavyosimama juu ya barabara, yanavyotazama mbele, na yanavyolingana yenyewe kwa yenyewe. Pembe kuu ni tatu. Ya kwanza ni kemba, yaani tairi limesimama wima au limeinamia ndani au nje ukilitazama kwa mbele. Ya pili ni tou, yaani matairi mawili yanatazama sambamba au yameelekeana kama vidole vya miguu. Ya tatu ni kasta, mlalo wa mhimili ambao tairi hugeukia unapokata kona. Hiyo ndiyo inayosaidia usukani urudi wenyewe. Maana yake imeishia hapo. Shida yetu ni majina.

Neno alaimenti limetoka kwenye Kiingereza, ambacho kililichukua kwa Wafaransa, na ndani yake kuna neno la Kilatini, linea, yaani uzi wa kitani. Kufanya alaimenti kwa asili yake ni kuweka vitu kwenye uzi. Sisi jambo hili tunalo siku zote: mwashi anayejenga ukuta kwenye mawe ya Mabatini anavuta kamba kutoka kona hadi kona kabla ya kupanga tofali, kisha anashusha timazi kuona kama ukuta umesimama wima. Kamba ya mwashi ndiyo tou, na timazi lake ndilo kemba. Kabla mashine za kamera hazijafika mjini, kulikuwa na mafundi waliopima tou kwa kuvuta kamba ubavuni mwa gari kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, na njia hiyo bado inafanya kazi mikononi mwa mtu makini. Kwa hiyo mtu akikuambia alaimenti ni utaalamu wa wazungu uliokuja na kompyuta, mwonyeshe ukuta wowote ulionyooka.

Balansi ni jambo jingine. Asili yake ni mizani ya sahani mbili, na kazi yake ni hiyohiyo: kuhakikisha tairi na rimu vina uzito sawa kuzunguka pande zote, ndiyo maana wanabandika vipande vidogo vya risasi kwenye rimu. Tairi lisilo na balansi linatetemesha usukani ukishika kasi kwenye lami, ukipunguza mwendo linatulia. Tairi lisilo na alaimenti linaweza lisitetemeshe chochote. Linavuta gari upande, au linakaa kimya tu huku likijila. Kupiga balansi ili kurekebisha alaimenti ni sawa na kupima uzito wa mlango ilhali tatizo ni bawaba.

Sasa shokapu. Hapa ndipo ninapoomba subira ya msomaji, kwa sababu neno hili moja limebeba vitu viwili, na ndilo lililompoteza fundi wa Buzuruga.

Shokapu, au shokomzoba kama walivyotamka wazee, ni jina la kifaa cha kumeza mshtuko. Hata kwa kazi hiyo jina limepinda kidogo, maana mshtuko wa shimo humezwa na springi. Shokapu inazuia springi isiendelee kudunda baada ya shimo kupita: ndani yake kuna mafuta yanayolazimishwa kupenya vitundu vidogo, nguvu ya kudunda inageuka joto, gari linatulia. Shokapu ya namna hii haishiki tairi. Tairi limeshikwa na vyuma vingine, yenyewe imening'inizwa tu hapo itulize mdundo.

Lakini kuna kifaa cha pili ambacho sisi tunakiita shokapu vilevile, kwa sababu kwa macho kinafanana na cha kwanza. Kiingereza kina jina lake la pekee, strut, na maana ya jina hilo ni mti wa kuegemeza, kiguzo kinachozuia kitu kisilale. Kiswahili kina neno lake zuri ambalo watu wa Pwani wanalijua: gadi. Chombo kikikaa mchanga maji yakitoka, kinatiwa magadi ubavuni kisianguke. Huku kwetu pia, boti la mbao likiwa linaundwa ufukweni, utaona miti imeliegemeza kulia na kushoto, na hakuna fundi wa boti atakayekuambia kwamba kuubadilisha mti mmoja kwa mwingine wenye urefu tofauti hakugusi ulalo wa boti. Ataona kwa jicho tu.

Shokapu ya mbele ya IST ni gadi. Muundo wake unaitwa MacPherson, kwa jina la Earle MacPherson, mhandisi wa Marekani aliyeubuni miaka ya 1940 akiwa General Motors, kisha akahamia Ford, na magari ya Ford ndiyo yaliyoueneza. Alichofanya ni kupunguza vyuma. Badala ya kuwa na amu mbili, yaani mikono ya chuma, moja ya juu na moja ya chini, za kushika tairi, na shokapu pembeni, aliondoa amu ya juu na kuipa shokapu kazi yake. Ikawa rahisi, nyepesi, na ikaacha nafasi ya injini iliyolala upande kwa upande. Ndiyo maana imejaa kwenye magari madogo tunayoendesha: Vitz, IST, Passo, Corolla, na hata RAV4.

Ukitaka kuona kwa macho, simama karibu na fundi anapofungua. Juu shokapu imefungwa kwenye bodi ya gari. Chini imefungwa kwa bolti mbili nene kwenye chuma kinachobeba habu, yaani kitovu panapofungwa rimu. Akitoa zile bolti mbili, tairi lote na habu yake linaangukia nje kwa juu, kama mlango ulioachia bawaba ya juu. Chini bado limeshikwa na boljointi, kiungo cha duara kinachoruhusu tairi kugeuka, lakini juu hakuna kitu tena. Kinacholisimamisha tairi wima ni shokapu peke yake. Sasa mtu anawezaje kukitoa kitu hicho, akaweka kingine, akasema wima wa tairi haujaguswa?

Tazama hizo bolti mbili. Tundu la bolti huwa kubwa kidogo kuliko bolti yenyewe, la sivyo isingeingia. Kwa baadhi ya magari yao Toyota wanautumia mwanya huo makusudi: kitabu cha mafundi kinaruhusu bolti ya awali ibadilishwe kwa yenye kiwiliwili chembamba ili kemba irekebishwe. Tuseme bolti hizo zimeachana sentimita 6. Chuma kikicheza milimita moja tu kati ya bolti ya juu na ya chini, tairi limeinama karibu digrii moja. Fundi anapokaza, tairi linakaza pale lilipokuwa limeegemea wakati huo: pengine alilishikilia kwa goti, pengine lilikuwa limelala nje kwa uzito wake. Upande wa kushoto ukakazwa hivi na wa kulia vile.

Na kemba haisogei peke yake. Tai rodi, chuma kinachounganisha usukani na tairi, inashika tairi kwa urefu wake uleule, imefungwa juu kidogo ya boljointi. Tairi likiinama, pale pa kufungia panasogea ndani au nje, lakini tai rodi hairefuki wala haifupiki, kwa hiyo tairi linalazimika kugeuka. Tou imeshabadilika bila mtu kugusa nati ya tou. Ongeza kwamba shokapu nyingi hubadilishwa pamoja na springi iliyochoka. Springi mpya inainua pua ya gari, na kimo kikibadilika, pembe zote hizi zinahama tena.

Milimita chache zina ubaya gani? Chukua tairi lenye kipenyo cha karibu milimita 600, likawa limetazama kando kwa milimita 3. Hiyo ni sehemu 5 kwa 1,000. Kila kilomita moja gari linapokwenda mbele, tairi hilo linataka kwenda kando mita 5, na kwa kuwa haliwezi, linaburutwa juu ya lami. Toka hapa Mwanza hadi Musoma, zaidi ya kilomita 200, limeburutwa jumla ya kilomita moja. Chukua tairi jipya, liburute mkononi kutoka Kirumba Mwaloni kilomita nzima juu ya lami, halafu uniambie limebaki na nini.

Mimi nililipia somo hili. Miaka michache nyuma nilibadilisha shokapu za mbele, nikaambiwa maneno yaleyale, nikayaamini. Usukani ulikaa kombo kidogo, nikauzoea. Siku napandisha gari kwenye jeki kwa jambo jingine, nikapitisha kiganja ndani ya tairi la kushoto, mahali ambapo jicho halifiki ukiwa umesimama: nyuzi zilikuwa zimeanza kuonekana. Nje lilikuwa bado na kashata nzuri. Tairi lingine likawa na ncha kali ukipapasa kwenda upande mmoja, na laini ukirudi upande mwingine, kama meno ya msumeno, na hiyo ndiyo alama ya tou. Matairi mawili yaliyokuwa mapya, yote yakaenda.

Niwatendee haki mafundi. Wengi wao wamejifunzia kazi kwenye Hiace za daladala, na kwenye Hiace maneno ya yule fundi ni sahihi kabisa. Mbele ya Hiace kuna amu mbili, ya juu na ya chini, na badala ya springi ya koili kuna chuma kirefu kinachojisokota. Shokapu imefungwa pembeni, inatuliza tu. Unaweza kuitoa, na tairi likabaki limesimama palepale. Badilisha kumi kwa siku, alaimenti haitajua. Hata kwenye IST yenyewe, zile za nyuma hazina neno, kwa sababu huko nyuma matairi yameshikwa na mhimili wa chuma. Kwa hiyo fundi hakudanganya. Alichukua ukweli wa shokapu moja akaupachika kwa nyingine kwa kuwa lugha yetu imeziita jina moja.

Wapo pia wanaochora alama kwa chaki au rangi kabla ya kufungua, ili warudishe bolti pale pale. Ni tabia nzuri na ninaiheshimu. Inafaa sana ukitoa shokapu na kurudisha ileile, mfano unabadilisha beringi ya juu tu. Ukiweka shokapu mpya, alama umeiacha kwenye ile ya zamani, na mpya haikutobolewa kwa kipimo kilekile hadi unywele. Inapunguza kosa. Kipimo bado kinahitajika.

Na ukienda kupima, nenda ukiwa umemaliza mengine. Boljointi inayocheza, tai rodi endi iliyolegea au bushi (mpira wa kwenye maungio) iliyokatika, vibadilishwe kwanza, kwa sababu mashine inapima gari lilivyokaa dakika ile, na kitu kinachocheza kitakaa vingine ukivuka tuta la kwanza. Upepo uwe sawa kwenye matairi yote. Omba karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada. Kama kemba imekataa kuingia kwenye kiwango, karatasi itaonyesha, na hapo fundi ajue amrudie nani: bolti, shokapu yenyewe, au amu iliyopinda.

Fundi wangu wa Buzuruga, kazi yako niliiona, ulikaza vizuri na hukuacha bolti hata moja. Ningeomba tu kabla ya kumjibu mteja uinue macho uone tairi limeshikwa na nini. Kama kuna amu juu na chini, mwambie aende zake salama. Kama juu kuna shokapu peke yake, mwambie, "Dada, hii ya kwako ndiyo iliyobeba tairi, kapime." Na wewe dada wa IST, siku zilizopita ni chache na matairi yako hayajaumia bado. Pitisha kiganja upande wa ndani, halafu kapime wiki hii.